Ufa Chini ya Mto wa Mzambarauni

Wiki iliyopita mlinifanyia karamu ya kuniaga. Mkanipa msahafu na joho, na mkuu wa sasa akasema mimi ni hazina ya idara. Ahsanteni. Baadaye, nje uwanjani, vijana wa mitambo mkaniuliza kisima gani kilinishinda. Nikacheka, nikasema vingi. Sikutaka kulijibu swali lile mbele ya sahani za biriani. Sasa sina pa kwenda asubuhi, nimekaa barazani kwangu Jang'ombe, nalijibu. Majina ya wakubwa sitayataja. Mtayapata wenyewe, au hamtayapata, na kwa vyovyote vile udongo hautawauliza.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Baba yangu alikuwa hamali bandarini, na tamaa yake ilikuwa niwe karani, kwa sababu makarani aliwaona wamekaa kivulini. Nilijua kusoma na kuandika, na Kiingereza cha kujikwamua, lakini nafasi iliyopatikana ilikuwa ya kuchimba. Siku ya kwanza karakanani nilikabidhiwa kwa Fundi Pandu Simai, mtu wa Makunduchi, mfupi, mikono minene, kofia haimtoki kichwani hata jua likiwa kali vipi.

"Unaijua ardhi?" akaniuliza.

"Naijua, fundi."

"Umeijulia wapi?"

"Nnaikanyaga kila siku."

Hakucheka. Alinipa mpini wa kekee kubwa ya mkono ya kutobolea ardhi, ile ya vyuma vya kuunganisha, akaniambia nizungushe mpaka aniambie basi. Alikwenda kunywa kahawa, akarudi, akakaa, akazungumza na watu. Viganja vyangu vilipochubuka akasimama na kuvitazama. "Haya," akasema, "sasa mmejuana."

Mengi ninayoyajua ni yake. Yeye ndiye aliyenifundisha kuweka kiganja juu ya chuma ili nihisi kinapita kwenye nini huko chini, kwa sababu mchanga hukwaruza, udongo wa mfinyanzi hunyonya, na jiwe hukurudisha. Alinikataza kusimama kwenye ukingo wa shimo bichi. Na kila jioni alinilazimisha kuiosha kekee kabla ya kupanda lori, hata mvua ikinyesha. Ukiilaza na udongo wake, alisema, kesho utaleta juu udongo wa jana na utadanganya watu bila ya kukusudia. Nimewaona baadhi yenu mkiilaza na udongo wake.

Mwaka wangu wa pili akaja Mwingereza mtaalamu wa miamba. Sisi tulimwita Bwana Mawe. Mji ulikuwa unakua kuelekea Ng'ambo, visima vya huko vimeharibika, na serikali ilitaka kujua kisiwa kina maji wapi. Alikuwa mtu mwembamba, anatembea na nyundo, dira na kichupa cha tindikali. Kiswahili alikisema vizuri kuliko alivyojidai. Alikula tulichokula, alibeba vyuma pamoja nasi, na kila alichokiona alitueleza. Nayasema mema yake kwanza kwa sababu yapo, na kwa sababu mengine yanakuja.

Ndiye aliyetupeleka kwenye bonde la Mzambarauni. Mto wake ni mdogo, unatoka kwenye vilima vya mikarafuu, unapita katikati ya makonde ya mpunga, halafu unafika mahali na kwisha. Haufiki baharini. Unaingia ardhini, masika na kiangazi, na mbele yake ni uwanda mtupu wa mawe na vichaka. Watu wa pale walisema mto unalala. Bwana Mawe alitaka kujua umelalia nini.

Tulitoboa matundu kwa mstari, kuufuata mto kutoka juu kwenda chini. Upande wa juu kekee ilitoa udongo wa mfinyanzi wa kijivu, mzito kama unga uliokandwa, kina chote kilichofikiwa na vyuma vyetu. Tukasogea kidogo tu, kekee ikagonga jiwe la matumbawe. Bwana Mawe akalidondoshea tindikali, likatoa povu, dalili ya chokaa. Akarudi upande wa juu akadondoshea mfinyanzi, ukakaa kimya. Katikati ya pande hizo mbili palikuwa na ukanda mwembamba wa mawe yaliyovunjikavunjika, na ndani yake kekee ilizama peke yake bila ya kusukumwa.

Mchana akachukua mkate wa boflo tuliokuja nao, akaukata katikati kwa kisu, akaushusha upande mmoja chini ya mwingine.

"Ardhi hapa ilipasuka zamani sana, kabla ya watu," akasema. "Upande huu ukashuka. Ndiyo maana mfinyanzi unatazamana na jiwe, na wala haviko sawa. Huu mstari ni ufa. Mfinyanzi unashika maji, jiwe linayapitisha, na ufa ni mlango wao."

"Na maji yakishaingia mlangoni yanakwenda wapi?" akauliza Fundi Pandu.

"Hilo ndilo nnalotaka tulitazame kesho."

Kesho yake tulitia rangi ya kijani mtoni, dawa ya unga inayotumika kufuatia maji chini ya ardhi. Huko chini uwandani palikuwa na kisima cha kijiji, jirani na nyumba ya mjane mmoja, Bi Kazija. Konde lake la mpunga lilikuwa la mwisho kabisa, pale mto unapozama. Alishazoea kutuletea muhogo wa kuchemsha. Safari hii alikuja na ndoo, na maji ya ndoo yalikuwa ya kijani kama bendera ya maulidi.

"Pandu, mmenitia nini kisimani?"

"Dawa ya kupimia, Bi Kazija. Haidhuru."

"Haidhuru wewe unayekunywa maji ya mfereji mjini."

Fundi Pandu akachukua kata, akateka, akanywa yote mbele yake. Bi Kazija akamtazama mpaka alipomaliza.

"Haya. Kesho uniambie unakojoa rangi gani."

Tulicheka, na Bwana Mawe alicheka kuliko sote. Alifurahi siku ile. Alichora ramani yake akiwa amekaa juu ya gunia, akatuonyesha ufa unapita wapi, akasema anayejua ulipo anajua maji ya watu wote wa uwandani yanatoka wapi, na anajua pia pahala ambapo hapafai kuguswa. Maneno hayo aliyasema kwa mdomo wake. Nilikuwa nimeshika ncha ya ramani ili upepo usiichukue.

Halafu akaja mhandisi mpya. Huyu alitaka bwawa, maji ya kumwagilia mpunga na ya kuonyesha wageni. Tulisimama naye bondeni, naye akaashiria pale bonde linapobana, sehemu nyembamba kabisa, ambapo tuta lingekuwa fupi na kazi rahisi. Ufa ulipita ndani ya bwawa lake, hatua chache nyuma ya tuta.

Bwana Mawe alimwambia palepale, kwa Kiingereza nilichoweza kukifuata, kwamba tuta lisogezwe juu, kwenye mfinyanzi wa pande zote mbili. Mhandisi akatazama juu. Huko kulikuwa na mikarafuu ya tajiri mmoja mwenye nyumba Shangani, mtu anayekunywa chai na wakubwa. Chini kulikuwa na makonde ya watu wanaolima kwa kuruhusiwa tu.

"Huo ufa wako umekaa kimya tangu lini?" akauliza mhandisi.

"Si lazima utikisike. Ukiubebesha maji utayanywa."

"Basi tutaona."

Ndani ya lori Bwana Mawe alikunja ramani yake akasema, "Nshasema. Wataalamu husema, wakubwa huamua."

"Na wanaobeba udongo?" akauliza Fundi Pandu.

Bwana Mawe alitazama nje, kwenye minazi.

Mudiri, mtawala wa wilaya, alikuja kuwaambia watu waondoe mpunga wao, maana maji ya bwawa yatafunika makonde. Haukuwa umekomaa. Nilimkuta Bi Kazija ameinama kondeni anang'oa, anatupa pembeni mafungu mabichi yasiyofaa kwa mtu wala kwa ng'ombe. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba bila ya kuinuka.

"Khamis, si nyinyi mliochimba hapa? Si mliona?"

"Tuliona, Bi Kazija. Bwana Mawe ameshawaambia wakubwa."

"Kwa hiyo nang'oa mpunga wangu kwa jambo mnalolijua."

Niliokota nyundo yangu. Kazi yangu siku ile ilikuwa kupiga vigingi.

Tuta lilijengwa kiangazi kile. Masika ikaja, bwawa likajaa, na siwezi kusema halikupendeza. Wakubwa walileta wake zao, wakapigwa picha. Mhandisi akatengeza gati dogo la mbao. Lilikaa hivyo kwa wiki kadhaa, mpaka asubuhi moja mlinzi alipoona maji yanazunguka mahali pamoja kama yanayokwenda kwenye tundu la sinki. Tulipofika yalikuwa yameshuka sana. Upande wa ndani wa tuta, juu ya mstari uleule wa ramani, ardhi ilikuwa imefunguka mdomo, na maji yaliyobaki yanatiririka humo kwa mlio wa kukoroma. Huko uwandani kisima kilikuwa kinafurika tope.

Mhandisi alitaka mdomo ule uzibwe kwa magunia ya mfinyanzi siku ileile. Wageni kutoka ng'ambo ya bahari walikuwa njiani. Fundi Pandu alikataa kwa adabu. Alisema tungoje maji yaishe yote, tulaze mbao, ndipo mtu ashuke. Mhandisi akasema mvua ikirudi tuta litakwenda pia.

Bwana Mawe alikuwepo. Amesimama juu ya tuta, mikono mfukoni. Fundi Pandu akamgeukia.

"Bwana, waambie. Wewe ndiye unayejua chini pakoje."

Bwana Mawe alimtazama mhandisi, kisha akamtazama fundi. "Fanya haraka, Pandu," akasema. "Usikae sana."

Hayo tu. Wenzangu, nimeyageuza maneno yale miaka mingi, nikitafuta upande ambao yatakuwa mazuri. Hayana.

Fundi alivua kanzu, akabaki na shuka na fulana. Kamba ya ghala ilikuwa ya katani, ya zamani. Niliifunga mwenyewe kiunoni mwake, kwa fundo alilonifundisha yeye, nikalivuta mara mbili, naye akalikagua kwa kidole. Tulikuwa wanne tulioshika. Akatuambia, "Msinivute mpaka niseme," akashuka na gunia la kwanza begani.

Aliweka magunia kadhaa vizuri sana. Alikuwa ameanza kuyapanga kama matofali, kila moja limekalia maungio ya mawili ya chini yake, kwa sababu hakujua kufanya kazi ovyo hata pale. Halafu ukingo mzima ukaondoka. Haukuporomoka kwa vishindo. Ulizama kimya, yeye, magunia, na kipande cha tuta. Kamba ikakaza, ikatuburura kwa magoti mpaka karibu na mdomo, kisha ikawa nyepesi mikononi mwetu. Tulipoivuta juu, ncha yake ilikuwa imekatwa na jiwe, nyuzi zimetawanyika. Maji yote yaliyokuwa bwawani yalimfuata. Alasiri haijaadhiniwa, bwawa halina hata tone.

Bi Kazija alikuja mbio kutoka uwandani, kanga haimkai kichwani. Alituhesabu kwa macho. Kisha akageuka akarudi alikotoka, na wanawake wengine wakamfuata, kwa sababu walijua maji ya pale yanatokea wapi. Tulikaa kisimani siku nyingi na upondo na nyavu. Fundi Pandu hakutoka. Mwishoni sheikh wa kijiji akatuongoza, tukamsalia mdomoni mwa shimo, tukiwa tumesimama mbali kwa woga.

Kisima kile hakikutekwa tena. Nani angekinywa? Wanawake wa Mzambarauni walianza kwenda kijiji cha pili, mitungi kichwani, na huko hawakupokewa vizuri kwa kuwa kisima kilikuwa kimoja.

Paliundwa kamati ya kuuliza, ikakaa kwenye chumba cha juu Vuga, chenye feni. Niliitwa. Aliyeuliza alikuwa mzee mmoja wa serikali, na pembeni yake mkalimani.

"Marehemu alikuwa na kamba?"

"Alikuwa nayo. Nilimfunga mimi."

"Huenda aliifungua ili afanye kazi kwa wepesi?"

"Hakuifungua. Ncha imekatwa. Mnayo hapo mezani, itazameni."

Hakuna aliyeinyooshea mkono. Wakamwita Bwana Mawe, nami nikaachwa nikae nyuma. Wakamuuliza kama hatari ya pahala pale ilikuwa ikijulikana kabla ya ujenzi. Aliizungusha kofia yake mikononi. Nilifikiri anatafuta Kiingereza, mtu ambaye ni lugha ya mama yake.

"Miamba ya kisiwa hiki ina mambo mengi," akasema. "Haikuwezekana kuyajua kwa uhakika."

Hukumu ilikuwa kwamba fundi aliifungua kamba kwa uzembe wake. Mhandisi alihamishiwa koloni nyingine, pahala pakubwa zaidi.

Nilimngoja Bwana Mawe kwenye ngazi. Alishuka taratibu, ameshika kofia.

"Bwana, ulitukatia mkate," nikamwambia. "Ulituonyesha."

"Nakumbuka, Khamis."

"Basi kwa nini umesema hukujua?"

"Nina watoto wanasoma kwetu. Ningesema, ningerudishwa kwa meli ya kwanza, na Pandu asingerudi."

"Pandu naye ana watoto."

Alitaka kunigusa bega. Nikashuka ngazi.

Nilikwenda Makunduchi kumwona mke wa fundi, kwa sababu niliogopa habari ya kamati itamfikia kabla yangu. Ilikuwa imeshamfikia. Alikuwa ndani ya eda, akazungumza nami nyuma ya pazia, na kaka yake amekaa kati yetu.

"Wanasema aliifungua," akasema.

"Hakuifungua, shemeji. Nilifunga mimi na alikagua yeye."

"Nisemee mbele ya watoto," akasema. Wakaletwa, nikasema tena, neno kwa neno. Mkubwa wao aliniuliza fundo lilikuwa la namna gani. Nikamwonyesha kwa kamba ya ndoo.

Baada ya hapo nilitolewa kwenye mitambo, nikapewa kazi ya kupima vina vya visima peke yangu, Mpendae, Kiembe Samaki na kote pembezoni mwa mji, kamba na jiwe mkononi, jua la utosi. Hakuna aliyeniambia ni adhabu. Nilijifunza mengi, na yale mnayonisifia nayo, kwamba nikisimama mahali ninajua maji yako wapi, niliyapata wakati ule, nilipokuwa sitakiwi.

Miaka ya hamsini ilikuwa inakaribia kwisha waliponirudisha, kwa sababu mafundi walikuwa wachache. Kazi ya kwanza ilikuwa Mzambarauni. Mtu mwingine alikuwa ameisoma ramani akagundua kwamba ukitoboa ndani ya ufa wenyewe, kwa kina cha kutosha, utapata maji mengi kuliko pengine popote upande ule, maana kila kinachonyesha vilimani hupitia hapo. Ni kweli. Hiyo ndiyo maana ya ufa ule kwa taaluma yetu, na mkifundishwa mtafundishwa hivyo. Nilishika kazi. Tulichimba mbali na mdomo wa zamani, juu yake, kwenye mstari uleule, na maji yakaja matamu, baridi, kwa nguvu iliyotulowesha sote. Vijana wenzangu walishangilia. Mimi niliosha vyuma.

Siku ya kuwasha pampu likawekwa turubai na viti. Mkubwa mmoja alitoa hotuba akamshukuru Bwana Mawe, aliyekuwa ameshastaafu kwao, akatangaza kwamba ufa ule umeingizwa kwenye ramani rasmi kwa jina lake. Bado unaitwa hivyo. Baadhi yenu mnalitaja jina lile kila siku mkiwa kazini, na sikuwahi kuwakataza, maana ndivyo ulivyoandikwa. Pandu Simai hakutajwa, si kwa wema wala kwa uzembe.

Bomba la chuma lilipita juu ya ardhi, mbele ya mlango wa Bi Kazija, kuelekea mjini. Aliningoja wageni waondoke.

"Khamis, kwetu mtatutolea wapi?"

"Nimeuliza, Bi Kazija. Wanasema hili ni bomba kubwa, halitobolewi njiani."

Aliliwekea kiganja, akakiacha pale. Alikuwa amezeeka, na mtungi wake ulikuwa tupu mlangoni.

"Linapita tu," akasema.

"Linapita tu."

Nimeleta ombi la mfereji wa Mzambarauni kwa kila mkuu aliyekalia kiti cha idara hii. Wapo walionisikiliza vizuri, wakaniagizia chai. Mfereji uliwekwa mwaka juzi, na nilikwenda kuufungua mwenyewe. Maji yalitoka. Mwanamke niliyemkuta pale akiweka ndoo alikuwa ameolewa kutoka mbali, na nilipomuuliza nyumba ya Bi Kazija iko wapi aliniambia hamjui mtu wa jina hilo.